Sentensi Yangu Naimaliza Mwenyewe

Jina la Cherehani alipewa na watoto wa mtaa wao, meno yake ya utotoni yakiwa bado yanang'oka. Maneno yake yalitoka kama sindano ya cherehani inavyopita kwenye kitambaa kigumu: ta-ta-ta-ta, kimya, kisha ta-ta-ta tena. Watoto hawana huruma lakini masikio wanayo, na jina lilimkaa sawasawa. Alipokua, watu wazima walianza kulikwepa mbele yake. Wakamwita dada, wakamwita mwalimu, na yeye ndiye aliyewarudisha kwenye mstari.

"Niite Ch-Ch-Cherehani," alisema. "Mimi linanitoa jasho na nalitamka. Wewe unashindwa nini?"

Mama yake alifariki mapema, akalelewa na shangazi, dada wa baba. Shangazi alikuwa mwanamke mwema mwenye mdomo mwepesi kupita kiasi. Katika nyumba ile alimsemea kila mtu, hata paka. Paka akilia, shangazi alieleza paka anataka nini na kwa nini hatapewa. Basi mtoto mwenye ulimi mzito kwake ilikuwa kazi ya kuokota njiani. Ukianza neno, yeye analimaliza. Ukitafuta lingine, amekwisha kukupa matatu uchague.

Siku moja walikuja wageni. Cherehani, ambaye jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka asubuhi ile ile, aliingia sebuleni amelifumbata kiganjani, anameremeta kwa furaha.

"Shangazi, nataka ku-ku-ku-ku..."

"Kukojoa!" shangazi akadaka. "Haya kimbia, usije ukatuaibisha mbele ya wageni."

Wageni walicheka. Shangazi akamgeuza mabega, akamsukuma kwa upendo mpaka mlangoni mwa choo, akaufunga. Mtoto akasimama humo ndani, hana haja yoyote, ameshika jino lake. Alichotaka kusema ni "kukuonyesha". Alisubiri kidogo ili isionekane kwamba ametoka haraka, na katika kusubiri kule hasira ilimpanda taratibu kama maziwa yanavyopanda sufuriani. Alipotoka hakwenda kwenye kochi. Alikwenda kusimama katikati ya sebule, mbele ya meza ya vikombe, akaanza upya.

"Shangazi, nataka ku-ku-ku..."

"Ulikwisha kwenda, mwanangu."

"Shangazi, nataka ku-ku..."

"Kula? Subiri wageni kwanza."

"Shangazi, nataka..."

Alianza upya mpaka wageni wakaacha kucheka na kuweka vikombe chini. Alianza upya mpaka shangazi mwenyewe akaishiwa maneno ya kumpa, jambo ambalo halijawahi kutokea ndani ya nyumba ile. Hapo ndipo sentensi ilipotoka nzima, na jino likaonyeshwa, na kila mtu akalazimika kulisifia.

Huo ukawa mtindo wake. Ukimmalizia, anaanza mwanzo. Haijalishi ulikisia sawa au ulikosea. Chakula kilipoa mezani mara nyingi kwa sababu hiyo. Shangazi alilalamika kwamba mtoto ana kiburi, na baba, ambaye alikuwa dereva wa lori na nyumbani alionekana kwa nadra, aliinama juu ya sahani akificha tabasamu.

"Mwache amalize," alisema. "Kwani nani anatufukuza?"

Dawa zilijaribiwa, na shangazi alizisimamia zote. Mtoto aliwekewa kokoto chini ya ulimi. Alimwagiwa maji ya baridi mgongoni bila kuambiwa. Jirani mmoja alishauri mtoto ashtuliwe, akawa anashtuliwa nyuma ya milango wiki nzima. Alichopata ni mafua na tabia ya kuchungulia kila mlango kabla ya kuingia. Jirani mwingine alisema wenye kigugumizi wakiimba hawakwami, na hilo lilikuwa kweli. Akiimba alikuwa hakwami hata kidogo. Lakini alipoambiwa aimbe anapotumwa dukani, alikataa katakata. Sabuni inunuliwe kwa wimbo, ana kichaa?

Shuleni palikuwa na mwalimu wa darasa aliyekuwa na huruma ya aina mbaya. Wakati wa kusoma kwa sauti, zamu ilipita dawati kwa dawati, na ilipofika kwa Cherehani mwalimu aliiruka, akamwita anayefuata, kama dereva anavyokwepa shimo. Alifanya hivyo kwa upole, bila kumtazama. Muhula mzima ulipita hivyo. Siku moja zamu iliporukwa, Cherehani alisimama na kitabu chake, akaanza kusoma. Mwenzake aliyeitwa naye akawa anasoma. Sauti mbili zikagongana, ya mwenzake ikamaliza na kukaa chini, ya kwake ikaendelea. Kengele ikalia. Watoto wakatoka mbio. Yeye bado yuko mstari wa tatu, shingo imemkaza, jicho moja linapepesa kama lilivyokuwa likifanya neno linapokwama. Mwalimu alishika mfuko wake, akauweka chini, akaketi. Hakuwa na njia nyingine. Aya ilipokwisha, Cherehani alifunga kitabu, akasema, "Ni hiyo tu, mwalimu," akaenda kucheza. Tangu siku hiyo hakurukwa.

Sasa msomaji aelewe jambo moja. Nikiandika kila herufi aliyoirudia Cherehani, hadithi hii itakuwa na kurasa nyingi kuliko maisha yake. Kwa hiyo mara nyingine maneno yake utayaona yamenyooka. Hayakunyooka. Yalitoka kwa kuvutwa, moja baada ya jingine, na aliyekuwa mbele yake alisubiri, kwa kupenda au kwa kutopenda.

Mahali pekee ambapo hakuna aliyemsubiri kwa kumkodolea macho palikuwa kwenye lori la baba. Wakati wa likizo baba alimchukua safari. Ndani ya lori watu hawatazamani. Wote wawili macho yako barabarani, na neno likichelewa, barabara inaendelea kuja. Angeweza kuanza sentensi mlimani na kuimaliza bondeni, baba akaitikia tu, "Enhe." Humo ndimo alimowahi kuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Swali lilichukua muda mrefu. Jibu lilichukua muda mrefu zaidi, na baba hakuwa na kigugumizi.

Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye uwanja wa kuegesha malori, siku za mapumziko. Alimkalisha juu ya mto ili aone mbele. Mguu ulipofika kwenye klachi bila kuukunja mgongo, alimwambia, "Sasa wewe ni dereva. Yaliyobaki ni ruhusa tu."

Ruhusa ilipatikana. Akaendesha gari la kiwanda cha mikate miaka mingi, akizunguka maduka kabla jua halijachomoza vizuri, akinukia chachu mpaka kwenye nywele. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kuzungumza. Tatizo ni kwamba Cherehani alitaka kuzungumza. Alikuwa na maneno mengi na utani mwingi, na alichoka kuyamwaga yote kwa mikate. Aliposikia kwamba chuo cha udereva cha upande wa pili wa mji kinatafuta mwalimu, alikwenda mwenyewe bila kupiga simu.

Mwenye chuo, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alikuwa mtu wa tumbo na mzaha. Alimkaribisha vizuri, akamuuliza jina, akalisubiri jina, akaanza kukuna kichwa.

"Dada yangu, nakuheshimu," alisema. "Lakini hebu fikiria. Mwanafunzi anaelekea ukutani. Wewe uko kwenye 'b-b-b'. Ukifika kwenye 'breki', tuko hospitali sote."

Alicheka. Cherehani hakucheka.

"Gari lako la ku-ku-ku..."

"La kukodi?"

"Gari lako la ku-ku..."

"La kuuza? Hapana, siuzi."

"Ga-gari lako..." Akamtazama usoni, akaanza tena kutoka neno la kwanza. Safari hii Bosi alifumba mdomo. "Gari lako la kufundishia lina breki ya pili, upande wa mwalimu. Breki hiyo inakanyagwa kwa mguu. Mguu wangu hauna ki-ki-kigugumizi."

Bosi alibaki ametoa macho. Kisha akacheka tena, kicheko cha aina nyingine, akampa funguo akamwambia azunguke koni za uwanjani kwa rivasi. Hakuna koni iliyotikisika.

Alimpa kazi, lakini si kwa moyo mkunjufu. Alimpa gari kuukuu kuliko yote na wanafunzi ambao walimu wengine walikuwa wakitupiana: waliolia wakiona mzunguko wa barabara, waliofeli mpaka wakazoea, mkunga mmoja mstaafu aliyekuwa akifumba macho kila lori lilipokaribia. Wote hao walimpenda Cherehani. Kwanza, hakuwa na uwezo wa kufoka. Huwezi kumfokea mtu kwa kigugumizi, hasira inaisha njiani. Pili, kwa kuwa alijua maneno yatachelewa, aliyaanza mapema. "Tutakata kushoto pale kwenye duka la dawa" aliianza mitaa miwili kabla ya duka. Mwanafunzi alipata nafasi ya kujiandaa, kutazama kioo, kuwasha indiketa, kupumua. Neno lilipogoma kabisa wakalipita duka la dawa, walizunguka wakarudi. "Kona zipo nyingi," alisema. "Hii ha-haikuwa ya mwisho."

Kitu kimoja Bosi alikataa. Darasa la sheria za barabarani, lile la ubaoni, lenye viti vingi na macho mengi, hakumpa. Hilo lilikuwa la mwalimu aliyeitwa Mtangazaji, kijana mwenye ulimi wa mafuta, aliyewahi kutangaza bidhaa sokoni kwa kipaza sauti. Mtangazaji alimaliza alama zote za barabarani kabla wanafunzi hawajafungua kalamu. Kila wanafunzi wapya walipoandikishwa, Cherehani aliomba darasa. Kila mara Bosi alijibu, "Tutaona." Na kila mtu anajua "tutaona" maana yake nini.

Ndipo alipokuja mpishi.

Alikuwa mpishi wa jiko la hospitali, mwanamume mpana mwenye mikono ya kunyanyua masufuria, na alikuja na mke wake. Mke ndiye aliyezungumza. Alieleza kwamba mume wake ameahidiwa kazi ya kusimamia jiko, lakini lazima awe na leseni ili aweze kwenda kuchukua vyakula sokoni na gari la hospitali. Mpishi alisimama nyuma yake akitazama viatu.

"Na yeye ana... ana hali kama yako, mwalimu," mke alinong'ona.

"Hali gani?" Cherehani aliuliza, kwa sauti ya kawaida.

"Kigugumizi."

"Aa. Hicho. Basi mwambie aingie garini."

Kwa muda wa siku kadhaa mpishi hakuonyesha kigugumizi chochote, kwa sababu alikuwa bingwa wa kupiga chenga. Neno lililomtisha alilizunguka. "Kushoto" kwake lilikuwa "upande wa saa", kwa sababu saa aliivaa mkono huo. "Breki" ilikuwa "ile ya kusimamia". Taa nyekundu ilikuwa "ile mbaya". Ukimsikiliza bila kujua, ungedhani ni mtu wa mafumbo. Cherehani alijua. Aliziona chenga zote, maana alizaliwa nazo akazikataa.

"Sema kushoto," alimwambia siku moja wakiwa wamesimama kwenye taa.

"Upande wa saa."

"Sema kushoto."

"Mwalimu, kwani wewe hujanielewa?"

"Ni-nimekuelewa. Sema kushoto."

Taa ikawa ya kijani. Nyuma yao honi zikaanza. Mpishi alishika usukani kama anataka kuung'oa. "Ku-ku-ku-ku..." Jasho likamtiririka kutoka kwenye paji la uso. Honi zikaongezeka. Mtu mmoja akatoa kichwa dirishani akatukana. Cherehani alifungua kioo chake, akatoa mkono nje, akawapungia kwa upole kama anayewasalimia wageni wa harusi. "...kushoto!" mpishi akalipuka, akakata kushoto, akaegesha pembeni na kuzima gari. 

"Unaona raha kunidhalilisha?" alisema, kwa kukwama kila neno, sasa bila chenga hata moja. "Mimi nimeishi hivi, nimepata kazi, nimepata mke. Sijawahi kumsumbua mtu."

"Mtoto wako anaitwaje?"

Mpishi alijifuta jasho kwa kiganja. Kisha akamwambia jambo ambalo hata mke wake hakulijua vizuri. Mwanawe wa kwanza alimpa jina la babu, jina zito la kuanzia na herufi ile ile inayomkaba. Hakuwahi kumwita kwa jina hilo tangu azaliwe. Alimwita "wewe" na "baba" na "kijana".

Cherehani hakumpa pole. Alitazama mbele, kama walivyozoea kwenye lori.

"Mimi sikufundishi kuzungumza," alisema. "Hilo silijui. Mimi mwenyewe unanisikia. Ninachokwambia ni kwamba neno ni lako. Mtu akikupigia honi, ni sh-sh-shida yake na honi yake."

Mpishi aliwasha gari. Hawakulizungumzia tena, lakini kuanzia siku ile kulikuwa na kushoto na kulia ndani ya gari lile, na ilibidi waanze masomo mapema kidogo kwa sababu mwalimu na mwanafunzi wote wawili walihitaji muda wa kusema.

Siku ya mtihani ilifika. Mtihani ulikuwa na sehemu mbili: kwanza maswali ya mdomo ndani ya ofisi, halafu kuendesha. Mkaguzi alikuwa mtu mmoja kwa foleni nzima. Alikaa nyuma ya meza, feni ikimpulizia mgongoni, akiinua kadi za alama za barabarani moja moja na kuuliza, "Hii?" Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye njaa na foleni iliyofika mpaka kwenye ngazi.

Mpishi aliingia. Cherehani alibaki kwenye benchi la nje na wanafunzi wengine. Muda mfupi mno baadaye mlango ulifunguka, mpishi akatoka na uso wa mtu aliyepigwa kofi.

"Vipi?"

Alitikisa kichwa. Alipoweza kusema, alisema kwamba alijua zote. Kadi ya kwanza iliinuliwa, akaanza, na kabla hajafika popote mkaguzi akasema, "Hujui. Nyingine." Kadi ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Kisha akaambiwa akasome vizuri, arudi siku nyingine.

"Twende nyumbani, mwalimu," alisema. "Ni kawaida."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwinua Cherehani kwenye benchi. Alimshika mpishi kiwiko, akagonga mlango na kuingia bila kungoja kuitikiwa. Mwanafunzi aliyekuwa ndani akageuka. Mkaguzi akainua macho.

"Mama, hapa hapaingiliwi hivyo."

"Huyu m-m-m..."

"Mwanafunzi wako amefeli. Nimekwisha mwambia."

"Huyu m-m-mwanafu..."

"Najua ni mwanafunzi wako. Umekuja kumwombea. Haiwezekani."

"Huyu m-m..."

Mkaguzi aliangalia mlango. Wa foleni walikuwa wamesogea, vichwa vimejipanga mlangoni. Mmoja wa wanafunzi wa Cherehani, mkunga yule mstaafu aliyekuja kufanya mtihani wake, alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamuru wodi nzima: "Baba, ukimkatiza anaanza upya. Sisi tunamjua. Tutalala hapa."

Watu wakacheka. Mkaguzi hakucheka, lakini aliweka kadi mezani, akakunja mikono, akaegemea kiti. Feni ilizunguka. Cherehani alivuta pumzi, na kigugumizi kilimjia siku hiyo kwa nguvu zake zote, kama kilikuwa kimeambiwa kwamba ndiyo siku. Jicho lilipepesa. Shingo ilikaza. Hakushusha macho, na hakuharakisha.

"Huyu mwanafunzi hakufeli," alisema. "Hakumaliza. Kufeli na kutomaliza ni vitu viwili. Umemuuliza, halafu hukumsikiliza."

"Mama, dereva anatakiwa kuwa mwepesi. Barabarani hakuna muda wa kusubiri."

"Barabarani haongei. Barabarani a-a-anakanyaga."

Kicheko kikapasuka mlangoni, na safari hii mkaguzi naye mdomo ulimcheza. Lakini bado alishika msimamo. Alisema foleni ni ndefu, kila mtu akitaka muda wake kazi haitaisha, na yeye ana taratibu zake.

"Utaratibu unasema a-ajue alama. Nionyeshe unaposema azijue haraka, mimi naondoka naye sasa hivi."

Mkaguzi hakuonyesha chochote. Alitazama foleni, akamtazama mpishi ambaye alikuwa akijaribu kujificha nyuma ya mwanamke aliyekuwa nusu ya upana wake. Akashusha pumzi.

"Haya. Kaa hapo. Lakini mwalimu atoke nje."

"Natoka," alisema Cherehani. "Ila usimsaidie neno hata moja. Hata ukilijua."

Mlango ulifungwa. Foleni nzima ilikaa kimya, watu ambao dakika chache kabla walikuwa wakinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Kupitia ubao mwembamba ilisikika "Hii?" ya mkaguzi, kisha kimya, kisha sauti nzito ya mpishi ikianza kugonga, si-si-si-si, ikaacha, ikaanza tena. Watu walitazamana. Kuna aliyefungua mdomo kulisema lile neno kwa niaba yake, mkunga akamnyooshea kidole, akaufunga. Ndani, neno likatoka. "Simama!" Na kadi nyingine. Na nyingine. Ilichukua muda uliochukua, na hakuna aliyekufa.

Mpishi alipita maswali yote. Alipotoka alikuwa amelowa shati, anacheka peke yake. Kisha akaenda kuendesha, na kwa furaha aliyokuwa nayo akagonga koni mbili wakati wa kuegesha, akafelishwa kihalali kabisa.

"Hiyo sasa ndiyo ku-kufeli," Cherehani alimwambia. "Umeona tofauti?"

Alirudia mtihani wa kuendesha baadaye, akapita. Leo yeye ndiye anayesimamia jiko lile, na gari la hospitali lina mkwaruzo ubavuni ambao hakuna anayejua ulipotoka, isipokuwa yeye.

Lakini kabla ya hayo, habari zilimfikia Bosi. Mkaguzi alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba mwalimu wa chuo fulani aliingia ofisini kwake bila ruhusa. Bosi alimwita Cherehani, mzaha wote umemtoka usoni.

"Umenigombanisha na mkaguzi," alisema. "Chuo chote kinamtegemea yule. Nenda ukaombe radhi."

"Ya kuingia bila ruhusa, nitaomba."

"Vizuri."

"Ya ma-ma-ma..." Bosi alisubiri. Alikwisha kujifunza. "Ya maneno, siombi. Na kuanzia wanafunzi wapya nataka darasa la ubaoni. Usiniambie tutaona."

"Unaniwekea masharti siku ninayokukaripia?"

"Siku gani nyingine utanisikiliza?"

Alikwenda akaomba radhi ya mlango. Mkaguzi alimpokea kwa ukavu, akamwambia safari nyingine agonge na asubiri, na hakuongeza neno. Hawakuwa marafiki. Ila alipokuja mwingine asiyesema vizuri, msichana mmoja aliyewahi kupooza upande mmoja wa uso, mkaguzi alikunja mikono akangoja bila kuambiwa.

Darasa la ubaoni alilipata nusu. Bosi aliligawa, Mtangazaji afundishe siku fulani na yeye siku nyingine, akitumaini wanafunzi wataamua wenyewe. Waliamua kwa kugawanyika. Wapo waliohamia siku za Mtangazaji kwa sababu hawakuwa na subira, na mmoja aliandika malalamiko kwamba anapotezewa muda. Cherehani hakuwalaumu wala hakuwabembeleza. Waliobaki aliwaambia siku ya kwanza, chaki mkononi:

"Nina kigugumizi. Mtakizoea au mtakichoka. Mtu akitaka kucheka, acheke sasa, nampa nafasi." Akanyamaza akawapa nafasi. Hakuna aliyeitumia. "Ha-haya. Sheria ya kwanza siyo ya barabarani. Ni ya chumba hiki."

Akawaambia kwamba atakayemmalizia sentensi, yeye ataianza upya, nao wakaicheka kidogo, na kabla ya kipindi kwisha mmoja wao, mtu wa benki aliyezoea kuwamalizia watu sentensi, alikuwa amemfanya arudie habari ya kivuko cha waenda kwa miguu mara nyingi kiasi kwamba darasa zima lilikijua kivuko hicho kwa moyo.

Vita vyake vya sasa ni simu ya ofisini. Bosi angependa ipokewe na mtu mwingine yeyote, na Mtangazaji hukimbia kuiwahi. Cherehani akiwa karibu, haachi. Anainua, anaanza jina la chuo, na "ch" inagoma. Upande wa pili watu wanasema halo, halo, halafu wanadhani mtandao umekatika, wanakata.

Juzi mwanamume mmoja alikata hivyo hivyo. Cherehani aliitazama simu, akabonyeza namba ile ile, akaiweka sikioni. Mtangazaji alikuwa amenyoosha mkono kuipokea kutoka kwake. Akaukinga mkono huo kwa bega, akageukia dirishani. Ilipopokelewa hakuanza na jina la chuo.

"Mtandao hau-hau-haukukatika," alisema. "Umekata wewe. Sasa tulia, unisikilize. Hapa ni ch-ch-ch-ch..."

Mtu wa upande wa pili alikuwa bado yupo. Alisikika akipumua.